Presha kuka ya umeme kwenye jiko dogo la kupanga, ninunue au niache?

mama_wa_tabata
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri wa wenye uzoefu. Tumepanga Tabata, mimi, mume wangu na watoto wawili, jiko letu ni dogo kweli, kaunta hapo hapo kuna jiko la gesi la plate mbili, raisi kuka, blenda na beseni la vyombo, na soketi ni moja. Sasa natamani presha kuka ya umeme ya lita 6 maana kwetu maharage hayakosekani, makande nayo, na wikiendi supu ya kongoro, na gesi ukiibandikia maharage makavu unaona kabisa mtungi unavyokwisha. Mume wangu anasema lile dude ni kubwa, litaishia juu ya kabati kama mashine ya chapati ya dada yake. Halafu luku tunachangia na wapangaji wenzetu wawili. Niambieni ukweli jamani, hela yenyewe ni ya kujibana.

dada_mpishi
Shoga pole na kubanana. Mimi swali langu moja, ikiingia hiyo, nini kinatoka? Kama hakitoki kitu basi mumeo yuko sahihi. Lakini wewe una raisi kuka, na presha inapika wali vizuri tu, kwa hiyo raisi kuka mpe mdogo wako na nafasi ishapatikana. Siku ya wali maharage unaanza na maharage, yakiiva unamimina kwenye hotpoti, unaosha sufuria ya ndani unapika wali, na plate zote mbili za gesi ziko wazi kwa samaki na mchicha. Kitu kingine watu hawaangalii ni kwa juu, usiiweke chini ya kabati la ukutani, ule mvuke ukiachiwa unapiga mbao mpaka zinavimba, wakati wa kuachia pressa isogeze pembeni. Mashine ya chapati inafanya chapati basi, hii inashika vyakula vyenu vya wiki nzima, haviwezi kulinganishwa.

fundi_mbagala
Niongelee umeme maana ndo watu wanauogopa bure. Nyingi za lita 6 ni kama wati 1000. Ikiwaka lisaa lizima mfululizo ni yuniti moja, ila haiwaki mfululizo, ikishapanda pressa inazima yenyewe, joto likishuka inawaka kidogo, na ina kinga ya joto pembeni, kwa hiyo maharage makavu yanaweza kuiva kwa nusu yuniti hivi au chini ya hapo. Mwenye matumizi madogo, yale yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, yuniti yake na kodi ni kama sh 122, wengine ni kama sh 356. Nyie mko familia tatu mita moja, hesabuni hiyo ya 356, bado sufuria ya maharage haifiki sh 200. Weka mkaa au gesi hapo ulinganishe mwenyewe.

Shida yako sio yuniti, ni maelewano. Mwenzako akiona dude linawaka jikoni kwako luku ikiisha mapema utaambiwa ni wewe, hata kama yeye anapasi kila asubuhi. Ongea nao KABLA hujanunua, na mwenye nyumba pia, wengine hawataki kabisa kusikia kupikia umeme. Na tafadhali usichomeke kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na jagi la umeme, jagi peke yake ni wati 2000, ukijumlisha hapo soketi ya ampea 13 inafika mwisho wake. Presha iende ukutani moja kwa moja.

mjomba_wa_ilala
Mimi naenda tofauti kidogo na wenzangu. Binti yangu, kama soketi ni moja na luku ni ya kuchangia, chukua presha ya kubandika kwenye gesi. Ni ndogo, inaingia kabatini na sufuria nyingine, hailali juu ya kaunta, umeme ukikatika unaendelea kupika, na moto wake una nguvu zaidi hivyo kongoro linaiva upesi. Ubaya wake inataka mtu wa kuikalia, ikianza kupiga filimbi unapunguza moto, huwezi kuibandika ukaenda sokoni. Ya umeme unaiacha inajizima. Kwa hiyo angalia nani anashinda nyumbani. Hizi kampeni za nishati safi ya kupikia nazikubali sana, lengo la asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034 ni zuri na mapafu ya mama zetu yatapona, lakini gesi nayo imo humo humo, usijione umebaki nyuma.

mama_wa_tabata
Asanteni sana, mjomba shikamoo. Mimi narudi jioni na watoto wanakuwa na njaa tayari, kukaa kuangalia filimbi sitaweza, kwa hiyo ya umeme ndo naiona. Raisi kuka itatoka kweli. Nitaanza na wapangaji wenzangu kwanza, nadhani tukikubaliana niongeze kidogo kwenye mchango haitakuwa tabu. Sasa je maharage ya nazi yanawezekana humo? Na ule mpira wa mfuniko ukichoka?

dada_mpishi
Yanawezekana mama. Chemsha maharage na maji tu au tui jepesi, usivuke nusu ya sufuria maana maharage yanatoa povu likaziba tundu la mvuke, hilo ulizingatie sana. Pressa ikishuka yenyewe fungua, weka tui zito, bonyeza kile kitufe cha kukaangia, koroga mpaka lichemke kidogo mfuniko ukiwa wazi. Mpira unauzwa peke yake, ila kabla hujalipa muulize muuzaji kama mpira wa aina hiyo anao dukani, akikosa nenda duka lingine. Uoshe kila ukipika kongoro, unashika harufu, utaikuta kwenye wali.