Tupeane uzoefu: udongo uliokutia hasara shambani

Kisima_Kirefu: Wakuu, jana nimemkuta jirani anang'oa karoti. Kila moja ina miguu miwili mitatu, nyingine kama ngumi ya mtoto. Udongo wake mfinyanzi mtupu. Nikacheka, kisha nikakumbuka ya kwangu, kicheko kikakata. Wewe udongo ulikufanyaje?

BintiMkuranga: Mimi kichanga. Tikiti linakipenda, muhogo ndiyo usiseme, ila mbolea haikai. Nilitia urea mfuko mzima asubuhi, usiku ikapiga mvua, mahindi yakabaki njano kama hayajawahi kuonja kitu. Siku hizi naigawa mara tatu.

Kijeba: Mara tatu kwa vibarua gani? Weka samadi ulale.

BintiMkuranga: Samadi ya nani, ya kuku wako wawili?

Mapapai_Matatu: Niacheni nitoe la moyoni. 2023, mwezi wa nane, dalali akanionyesha ekari mbili njia ya Dumila, bei ya kutupa. Udongo mweusi tii, nikajua hii ndiyo rutuba. Una nyufa unaingiza kiganja. Dalali anasema ardhi inapumua. Nimeinama nipige picha, simu ikachomoka ikatumbukia ufani. Tukawa tunaisikia inaita huko chini! Tumechimba mpaka jua linazama.

Hapo ndipo ningegeuza nirudi nyumbani. Badala yake nikachukua pesa ya kikoba ya mke wangu, nikapanda mapapai. Mvua za El Nino mnazijua. Ule udongo ukinywa maji unavimba, nyufa zinajifunga, maji yanabaki juu hayana pa kwenda. Papai mizizi yake ikikaa majini siku mbili tatu inakosa hewa, inaoza. Siku ya nne majani yamelegea kama yana kiu, na mimi nimezama hadi magotini. Nilitoka na buti moja. Hadi leo mke wangu akiona papai sokoni ananitazama tu.

Tuliza_Boli: Pole sana mkuu. Simu ilipatikana?

Kijeba: Ilikuwa simu gani?

Ngosha_wa_Maswa: Msiusingizie udongo. Hiyo ni mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, kwetu Usukumani ndiyo mali. Unalima mpunga kwenye majaluba, vile vishamba vya kuzungushia kingo yakae maji, ukishavuna unasia dengu, inakua kwa unyevu uliobaki. Karanga na viazi tunapeleka luseni, kichanga cha juu kule. Nani alikutuma upande mapapai mbugani?

Mapapai_Matatu: Dalali.

Ngosha_wa_Maswa: Babu yangu hakusoma, na asingepanda.

Mapapai_Matatu: Angenitafuta kabla sijalipa.

Fundi_Bustani: Dawa ya mfinyanzi ni kuchanganya mchanga, basi.

Mama_Miche: Usithubutu! Mchanga kidogo kwenye mfinyanzi unapata tofali. Weka mboji, pandisha matuta. Na kabla hujanunua shamba chimba shimo la futi mbili, lijaze maji, rudi kesho. Ukiyakuta bado yamo, papai sahau.

Fundi_Bustani: Mimi nachanganya mwaka wa kumi huu.

Mama_Miche: Basi unauza matofali.

Mwanyikolo: Naunga mkono shimo, ila shimo halikuambii kila kitu. Udongo wangu Njombe mwekundu, maji yanapita vizuri, na mbolea ya DAP, ile yenye fosforasi, natia, lakini mahindi yamedumaa misimu miwili. Nikapeleka ukapimwe SUA, chuo cha kilimo Morogoro (wa Tanga wana kituo cha utafiti Mlingano), pH, yaani kipimo cha asidi, ikaja 4.6, asidi kali. Kumbe kwenye asidi ile fosforasi inashikwa na udongo, mmea hauipati. Chokaa ndiyo iliyonitoa. Jirani mwenye chai alinishangaa, maana yeye kwenye udongo huohuo anachuma tu.

BintiMkuranga: Chokaa ile ya kupaka nyumba?

Mwanyikolo: Ya kilimo, dada. Na pima kwanza, usije ukamwaga tu.

Tuliza_Boli: Simu jamani.

Mapapai_Matatu: Haikupatikana. Iliita mpaka saa tatu usiku.

Ngosha_wa_Maswa: Na shamba?

Mapapai_Matatu: Lipo.

Ngosha_wa_Maswa: Bei?