Tupeane uzoefu: masaji gani ilikusaidia kweli, na ipi hutarudia?

Habari zenu wakuu na dada zangu. Hii mada nimeileta kwa sababu kila nikitaja spa watu wanaguna wakidhani nafuata mambo mengine, wakati mi ni fundi cherehani, nashinda nimeinamia mashine asubuhi mpaka usiku, shingo inakaza mpaka kugeuka kuangalia gari nikivuka barabara inakuwa shida.

Nilianza na ile ya Kiswidi, karibu kila spa wanayo. Unalala kwenye kitanda chenye tundu la kuwekea uso, unafunikwa shuka, mhudumu anafunua sehemu anayoifanyia kazi tu, anapaka mafuta anakuchua polepole kisha anakukanda kama unga wa chapati. Nilipitiwa na usingizi mule mule, ila fundo la begani nikatoka nalo. Baadae nikafanyiwa dipu tishu, hapo ni habari nyingine, anatumia kiwiko na ngumi, anazama taratibu anasubiri msuli ulegee ndo anaendelea, kesho yake nilikuwa kama nimelima shamba la mtu lakini keshokutwa shingo inageuka yenyewe. Mpaka leo kichwa kikichoka naenda Kiswidi, mabega yakikaza naenda dipu tishu. Nyie je?

Dereva_Tunduma: Mkuu umegusa penyewe. Sisi wa malori kinachokufa ni kiuno na nyonga. Mi nilipona na ya Kithai. Haina mafuta, hauvui nguo, wanakupa suruali pana unalala kwenye godoro chini sakafuni, afu mtu anakukunja anakuvuta miguu, anakukandamiza kwa viganja, magoti mpaka nyayo. Pale Bangkok kuna hekalu la Wat Pho wanaifundisha miaka na miaka, na 2019 UNESCO wakaiingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa hiyo msiichukulie poa. Ila kama una shida ya pingili za mgongo muone daktari kwanza, ule mvuto sio wa mchezo.

MamaJunia: Mi naongelea wajawazito maana tunasahaulika. Mimba yangu ya pili mgongo uliniuma sana, nikaenda sehemu moja (siitaji) binti akaniambia nilale kifudifudi na lile tumbo lote, hata hajaniuliza nina miezi mingapi! Nikavaa viatu nikaondoka. Nikapata kwingine dada mmoja mtu mzima, maswali kwanza, presha iko sawa? miguu inavimba? kliniki wanasemaje? Akanilaza ubavu, mto katikati ya magoti, mwingine chini ya tumbo, akanichua taratibu tu. Siku ile nililala usiku kucha. Dada zangu, asiyekuuliza kitu usimpe mwili wako.

BiMkubwa_Unguja: Wanangu, mnazungumza spa tu, kwetu mambo haya yapo ndani ya nyumba zetu. Bi harusi husingwa kwa singo kabla ya harusi, asumini, mawaridi, langilangi, karafuu na liwa, vinatwangwa, somo, yaani kungwi wake, anamsugua mwili mzima taratibu nongo zote zinatoka, ngozi inabaki laini na inanukia hata siku ya pili. Mie nilisingwa na somo wangu, Mungu amrehemu, na mikono ile huku anazungumza nami ndiyo iliyonitoa hofu. Siku hizi mahoteli yanawauzia wageni, sina ubaya nalo, ila nataka mabinti zetu nao wajue kutwanga na kusinga.

MkandajiMoshi: Shikamoo Bi Mkubwa. Mi kazi yangu ndo hii, na napokea sana watu wanaoshuka Kilimanjaro na wakimbiaji wa Kili Marathon. Mtu kamaliza kilomita 42 leo leo anataka dipu tishu, namkatalia, misuli ina majeraha madogo madogo, nampa ya kuchua kwa wepesi tu, ile nzito arudi baada ya siku kadhaa. Lingine nawaomba sana, shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na linauma, hasa baada ya safari ndefu ya kukaa, msikubali kuchuliwa. Inaweza kuwa damu imeganda na ikisukumwa inaweza kwenda mpaka kwenye mapafu. Hapo ni hospitali moja kwa moja. Na nguvu ikizidi sema, hata katikati, mhudumu mzuri hakasiriki.

Kijana_wa_Mzee: Dada wa Moshi ubarikiwe. Mzee wangu ana kisukari, anasema nyayo zina ganzi, nilitaka kumlipia ile ya mawe moto. Inafaa?

MkandajiMoshi: Hapana kaka, mawe usimpelekee. Yale ni basalti, mawe ya volkano, yanapashwa kwenye maji na yanatunza joto muda mrefu, sasa mwenye ganzi anaweza kuungua na asihisi, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari ni hatari. Muulizeni kwanza daktari wake, na akiruhusu mwambieni mhudumu mapema, amchue kwa mkono mwepesi bila joto lolote, na miguu ikaguliwe kabla kama ina mchubuko. Akikutwa na kidonda hata kidogo, miguu iachwe, afanyiwe mabega na mikono.