Kampuni inataka nikiondoe kijitabu changu. Nibadilishe majina au niingie kwenye soko lao?

Binti wa Kibokoni:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, na mtaniwia radhi nikieleza kirefu, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Tangu 2019 tunacheza mchezo wa dadu na hadithi kila Jumamosi baada ya Alasiri, barazani kwa mjomba wangu hapa Kibokoni, Mombasa. Tuko sita, siku nyingine wanane. Kila mmoja huwa mhusika ndani ya ulimwengu wa kubuni, na ulimwengu tunaouchezea ni wa kampuni ya ng'ambo, jina nalihifadhi. Kwenye ramani yao, chini kabisa kusini, palikuwa na pwani tupu: jina limeandikwa, pamechorwa mnazi mmoja, basi. Hapo nikaweka mji. Mji wa bandari unaoishi kwa pepo mbili: kaskazi yaleta wageni, kusi yawarudisha kwao, na anayekosa safari hubaki mwaka mzima akila kwa deni. Vyombo vyake vya baharini ni mitepe, imeshonwa kwa kamba za kumbi, haina msumari hata mmoja. Langoni hukaa bibi kizee asiyefungua mpaka umfumbulie fumbo. Mafumbo yote nimeyatoa kwa nyanya yangu, Mungu amrehemu. Mawili kati yake sijayasikia kwa mtu mwingine yeyote hadi leo.

Mji huo nikauandikia kijitabu, kikafika kurasa 48. Nikatoa nakala 60 kwenye duka la fotokopi Makadara, nikauza shilingi 300, pesa ikaenda kwenye karatasi, stepla na soda za Jumamosi. Mwaka huu kampuni imetoa kitabu chake cha pwani ile ile. Kwao pale ni kinamasi cha mijusi wanaosema. Hakuna mji wala chombo. Juma lililopita ikaja barua pepe: niache kuuza na niondoe nakala ya mtandaoni ndani ya siku 14, au nikipeleke kwenye soko lao la mashabiki kwa masharti yao.

Nakiri nimetumia majina yao na miungu yao wawili. Lakini mji ni wangu. Nifanyeje?

Mzee wa Dadu:

Waaleikum salaam mwanangu. Pole sana.

Hilo la mwenye ulimwengu kuja kujaza mahali ulipokwisha kujenga ni la zamani, na mashabiki wa Glorantha wana neno lake. Glorantha ni ulimwengu wa kubuni kama huo wenu; aliianza Greg Stafford mwaka 1966, ikachapishwa kwanza kama mchezo wa ubao mwaka 1975, kisha ukaja RuneQuest, mchezo wake wa dadu na hadithi, mwaka 1978. Mashabiki wakaandika majarida yao wenyewe, wakazijaza nchi alizoziacha wazi. Halafu Greg anatoa maandishi mapya, na kazi yako ya miaka inageuka kuwa uongo. Wakasema: "umegregiwa." Wewe umegregiwa, mwanangu.

Nataka uangalie walivyoishi na jambo hilo. Wana msemo kwamba Glorantha yako yaweza kutofautiana na ya mwenzako, na Stafford mwenyewe aliukubali. Amefariki 2018, na mwaka uliofuata likafunguliwa soko ambako mashabiki wanauza kazi zao kwa ruhusa. Barazani kwenu hakuna atakayekuja kuwapa kinamasi kwa nguvu. Chezeni mji wenu. Shida yako iko kwenye kuuza, si kwenye kucheza.

Mchoraji wa Likoni:

Dada yangu, nitasema lisilopendeza. Mimi nachora katuni. Mwaka juzi nilishuka feri nikakuta mhusika wangu kwenye fulana, muuzaji ananiambia ati ananipenda sana ndiyo maana amemchapa. Mapenzi yake hayakunilipia wino. Wale waliobuni ile miungu wawili nao ni watu, wamekesha kama ulivyokesha. Shilingi 300 ni ndogo, lakini ungeuliza kwanza. Mji wako sina neno nao, mzuri mno.

Karani wa Tudor:

Soma masharti ya hilo soko neno kwa neno kabla hujabonyeza chochote. Nakupa mfano wa soko ninalolijua, DMs Guild la mchezo wa dadu na hadithi uitwao Dungeons & Dragons, lililoanza 2016. Mwandishi anapata nusu ya mauzo. Lakini ukishaiweka kazi pale huna ruhusa ya kuichapisha kwingine, na wahusika uliowabuni wewe, waandishi wengine wa soko lile wanaruhusiwa kuwatumia. Kama masharti uliyoletewa yanafanana na hayo, maana yake yule bibi wa langoni na mafumbo ya nyanya yako hawatoki tena.

Na leseni nayo si mwamba. Wachapishaji wengi walijenga riziki juu ya leseni huria ya mchezo huo huo ya mwaka 2000, iliyowaruhusu kutumia kanuni zake. Januari 2023 ikavuja rasimu mpya: leseni ya zamani ifutwe, na anayepata zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka atoe asilimia 25 ya kinachozidi hapo. Mashabiki wakachachamaa, wengine wakakatisha malipo yao ya kila mwezi kwa kampuni yenye mchezo. Tarehe 27 mwezi ule ule kampuni ikarudi nyuma, ikaziachilia kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, yeyote azitumie. Kanuni, lakini. Nchi zao na watu wao mashuhuri wamebaki nao.

Kwetu Kenya pia, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hailindi wazo tupu, inalinda namna lilivyoandikwa au kuchorwa. Mji wa pepo mbili hauna mwenyewe. Kurasa zako 48 ni zako, ukitoa vyao. Ila mimi si wakili. Siku 14 ni chache, muone mmoja.

Binti wa Kibokoni:

Ahsanteni nyote. Kaka wa Likoni, umenichoma, lakini ni kweli, sikuuliza. Nakala ya mtandaoni nimeitoa jana usiku. Zile 11 zilizobaki nimezifunga kwenye mfuko, siziuzi. Kampuni nimeiandikia kwa adabu kwamba sokoni siingii.

Jumamosi tulikaa na kalamu nyekundu kuanzia Alasiri mpaka taa zikawashwa. Tumepata majina yao 31. Nilidhani yatakuwa mia. Miungu wawili wameondoka, na kwa kweli hekalu lao halikuwa na kazi yoyote kwenye hadithi, nililiweka kwa sababu kitabu chao kilikuwa nalo. Mahali pake mjomba amependekeza kisima cha maji matamu ambacho kila nahodha lazima anywe kabla ya kutweka tanga. Kimetulia palepale kama kilikuwepo siku zote.

Limebaki jina moja, la bahari yenyewe. Tumejaribu manne, yote yanasikika ya kubuni. Mwenye nalo alete kabla ya Jumamosi.