Nimegongwa na baiskeli ya mkaa barabara ya Morogoro, hapa Dodoma. Haina namba, haina bima. Naanzia wapi?

Jirani_wa_Ilazo
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, na naomba nisitukanwe maana hata usingizi sipati.

Jumatano ya wiki iliyopita, saa moja asubuhi, natoka Mtumba kumpeleka mama watoto kazini, narudi mjini. Nimefika maeneo ya Nanenane, jua limenipiga machoni, nasikia puu! Mzee mwenye baiskeli ya mkaa kaniingia. Mlango wa dereva wa IST yangu umebonyea, haufungi, bawaba zimepinda kwenda mbele, kioo cha pembeni kinaning'inia kwa waya. Fundi kapiga hesabu 280,000 pamoja na rangi. Mzee mfukoni ana 4,500.

Baiskeli yenyewe ni Phoenix ya zamani, taa haina. Breki ni kandambili, anakanyaga tairi la mbele kwa mguu. Gunia ni lumbesa, limefungwa kwa mipira ya tyubu, akigeuka nyuma anaona mkaa tu.

Bodaboda akikugonga kuna namba, kuna bima, kuna pa kuanzia. Huyu je? Kwa nini baiskeli zisisajiliwe kama vyombo vingine na waendeshaji wakapewa leseni?

Ngosha_wa_Kahama
Leseni ya baiskeli 😂 Mkuu, Shinyanga baiskeli ndiyo daladala. Ndivyo tunavyoziita, na abiria anakaa kwenye keria ameweka kitambaa cha sponji. Mimi nimesomeshwa na baiskeli. Baba alikuwa anabeba abiria kutoka stendi, jioni anafungua cheni, anaiosha kwa mafuta ya taa, mimi nashika tochi. Siku moja alimbeba bibi harusi, shela likaingia kwenye spoku, wakaanguka wote mbele ya kanisa. Ndoa ikafungwa vilevile, na mpaka leo wapo.

Mstaafu_wa_Reli
Vijana mnadhani mmegundua jambo jipya. Zamani halmashauri zilikuwa zinatoza ada ya baiskeli. Ukilipa unapewa kibati, unakifunga kwenye fremu. Marehemu baba yangu akiwaona watoza ushuru njia ya Bahi alikuwa anaingia na baiskeli yake ya Swala kwenye mtama, anailaza, na yeye analala juu yake. Alikuwa nacho kibati, lakini cha mwaka juzi. Sikumbuki ajali hata moja iliyozuiwa na kile kibati. Nakumbuka watu walioacha kwenda mnadani.

Bosi_Kisasa
Mimi namuunga mkono mleta uzi. Wa baiskeli wanajiona wako juu ya sheria. Taa nyekundu hawaijui, usiku hawaonekani, halafu ukimgusa wewe ndiye mwenye makosa kwa sababu una gari. Wasajiliwe, walipe faini kama sisi. 30,000 kila kosa, utaona adabu inavyorudi.

BintiChamwino
@Bosi_Kisasa bodaboda na bajaji faini ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa sababu walikuwa hawaiwezi. Wewe unataka wa mkaa alipe 30,000? Atailipa kwa magunia?

Wakili_wa_Kijiweni
Tuweke sawa jambo moja. Si kweli kwamba wa baiskeli hawana sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, inamhusu hata yeye. Asichohitaji ni leseni ya udereva na bima, kwa sababu hivyo ni vya vyombo vya moto, na ndivyo inavyozungumzia Sura ya 169, sheria ya bima ya magari. Kwa hiyo mkuu ukitaka 280,000 zako ni kudai kama deni jingine lolote, au mkubaliane. Lakini kwanza ithibitike kosa ni la nani. Trafiki alikuja kupima?

Jirani_wa_Ilazo
Hatukuita trafiki. Tulielewana palepale.

Wakili_wa_Kijiweni
Mlielewanaje na mtu mwenye 4,500?

Jirani_wa_Ilazo
Baiskeli ibaki kwangu mpaka alete hela.

Mkulima_wa_Zabibu
Haya sasa. Uzi ulianza na mtu aliyegongwa, kumbe tunaongea na mwenye yadi ya kushikilia vyombo.

Jirani_wa_Ilazo
Sasa ningefanyaje? Ningemwachia aende, ningempata wapi tena? Ndiyo maana nasema hazina namba. Na yeye alikubali, hakuna aliyemlazimisha. Mwenyewe ndiye hakutaka polisi, nadhani kibali cha mkaa hana.

Bosi_Kisasa
Umefanya sawa kabisa. Ukimpa wiki mbili hajaleta, uza.

Jirani_wa_Ilazo
Ndicho nilichokuwa nafikiria. Kuna kijana wa Nkuhungu ameshaiangalia.

Fundi_Spoku
Naomba kuuliza mimi mtengeneza baiskeli. Phoenix na lumbesa la mkaa uliviingizaje kwenye IST?

Jirani_wa_Ilazo
Nilikodi kirikuu, 15,000. Hiyo nayo iko kwenye deni lake.

BintiChamwino
Na mkaa uko wapi?

Jirani_wa_Ilazo
Upo.

BintiChamwino
Wote?

Jirani_wa_Ilazo
Dada wa kazi ametumia kidogo. Gesi iliisha Ijumaa.

Ngosha_wa_Kahama
😂😂😂 Nimekaa paleee

Mkulima_wa_Zabibu
Aisee. Umemnyang'anya mzee chombo cha kazi, umepikia mali yake, halafu unakuja hapa kuomba serikali iwadhibiti wa baiskeli. Ogopa dhuluma, kaka. Mimi nilidhulumiwa mizabibu robo ekari pale Mpunguzi na ndugu wa damu. Sikwenda mahakamani. Mwaka wa tatu shamba lake lilikauka mche kwa mche, la kwangu lililopakana nalo linazaa.

Jirani_wa_Ilazo
Ndugu yangu mambo ya kutishana siyapendi, hasa kipindi hiki. Sikutaka kusema, ila ngoja niseme. Huyu mzee anakuja. Sijui nani kamwonyesha kwangu. Kila siku nikifungua geti asubuhi namkuta amekaa chini ya mwarobaini ng'ambo ya barabara. Ananisalimia Kigogo, "Mbukwenyi", naitika. Haombi baiskeli wala haulizi chochote. Saa nne jua likipanda anaondoka kwa miguu. Leo ni siku ya tisa. Mama watoto ameanza kupitia mlango wa nyuma.

Ngosha_wa_Kahama
Siku ya kumi utajikuta Chamwino unasukuma baiskeli ya mkaa mwenyewe na hujui umefikaje 😂

Mstaafu_wa_Reli
Acheni utoto. Mzee wa Kigogo akikaa nje ya nyumba yako na kukusalimia, ameshasema alichokuja kusema. Anakungoja wewe uongee.

Kamera_ya_Barabarani
Nimesoma kuanzia juu nikicheka, lakini mimi naona hii ni CHAI, stori ya kutunga. Nawaeleza kwa nini. Mtumba iko mashariki ya mji. Saa moja asubuhi ukitoka Mtumba kuja Nanenane jua liko MGONGONI. Limekupigaje machoni? Hii njia napita kila siku, ninaoumia na jua asubuhi ni sisi tunaokwenda Mtumba. Mleta uzi umekaa Dar huko umeangalia ramani, umechomeka mwarobaini na "Mbukwenyi" tulie.

Bosi_Kisasa
Duh. Hata mimi nimeingizwa mjini?

Mkulima_wa_Zabibu
Nirudishiwe shamba langu nililolisimulia bure.

Jirani_wa_Ilazo
Si chai. Njooni Ilazo muione baiskeli barazani, watoto wanapiga kengele yake tangu asubuhi. Jua lilinipiga machoni kupitia kioo cha pembeni. Ukiangalia nyuma kwenye kioo saa ile ni mwanga mtupu, huoni mtu.

Kamera_ya_Barabarani
Haya, hapo umejitetea vizuri. Sasa niambie ulikuwa unaangalia nini nyuma, upande wa kulia?

Fundi_Spoku
Ngoja. Mleta uzi aliandika pale juu kwamba bawaba zimepinda KWENDA MBELE. Mlango uliofungwa ukigongwa kwa nje unabonyea kwenda ndani. Bawaba haipindi kwenda mbele mpaka mlango uwe wazi na kitu kiusukume kutoka nyuma. Kaka, gari ilikuwa inatembea?

*(Saa mbili zimepita bila jibu.)*

BintiChamwino
@Jirani_wa_Ilazo tunakuona uko hewani.

Jirani_wa_Ilazo
Nilikuwa nimesimama pembeni. Bosi alipiga simu, nikasogea kwenye bega la barabara niongee. Kuna mama anauza chapati pale. Nimemaliza simu, nikaangalia kioo, mwanga mtupu, nikafungua. Sasa hata kama nilifungua, yeye si anaona gari imesimama? Angepita mbali. Na angekuwa na breki za maana angesimama.

Wakili_wa_Kijiweni
Kwa hiyo kichwa cha uzi kisomeke "Nimemgonga mzee kwa mlango".

Kamera_ya_Barabarani
Nafuta neno chai. Na hapo "angepita mbali" aende wapi? Kulia kwake kuna malori ya transiti yanayokwenda Rwanda na Kongo, kushoto bega lote umelikalia wewe. Siku za upepo pale Nanenane hata pikipiki inayumba, sembuse lumbesa.

Mimi kwenye kundi letu la mazoezi ya Jumamosi tuna watu wawili waliovunjika mfupa wa mtulinga kwa milango. Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, dereva anafundishwa kufungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Kwetu sisi tunaokaa kulia ni mkono wa kushoto. Jaribu sasa hivi ulipokaa: mwili wote unageuka, jicho linakwenda nyuma lenyewe. Hakuna leseni wala kibati hapo. Kule hata kofia ngumu si lazima.

Bosi_Kisasa
Lakini suala la taa na breki libaki palepale. Hilo mmelikwepa. Ingekuwa saa moja usiku mngesemaje?

Kamera_ya_Barabarani
Hilo nakubaliana nawe kabisa. Wauzaji wa baiskeli wabanwe isitoke dukani bila breki mbili na viakisi mwanga, na bega la barabara lisiwe maegesho. Ila jua lilikuwa limewaka.

Muuguzi_wa_Zamu
Samahani nimeingia kwa kuchelewa, nimetoka zamu. Nimesoma uzi wote, sijaona mahali mtu ameuliza hali ya mzee. Aliumia?

Jirani_wa_Ilazo
Alisema haumwi. Alianguka upande wa kulia, gunia likamwangukia mguuni, akanyanyuka mwenyewe, akajifuta vumbi.

Muuguzi_wa_Zamu
Mkono?

Jirani_wa_Ilazo
Anaushikilia kidogo. Wa kulia. Siku hizi anakaa ameuweka mapajani.

Muuguzi_wa_Zamu
Siku tisa anaushikilia. Kaka, mzee akianguka anatanguliza kiganja, na mfupa wa kifundo unaovunjika hapo sijui nimeuona mara ngapi. Wanasema hawaumwi kwa sababu wanajua hospitali wataulizwa hela. Anatakiwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na picha ya mkono, na bima yako ya gari, hata ikiwa ile ndogo, ipo kwa ajili ya mtu wa tatu kama yeye. Wewe umekaa unapiga hesabu ya rangi.

Jirani_wa_Ilazo
Nikienda polisi si ndiyo najishtaki? Na bima imeisha mwezi uliopita, nilikuwa nasubiri mshahara.

Mkulima_wa_Zabibu
Subhanallah. Kumbe kati ya vyombo viwili pale barabarani, hata chenye injini hakikuwa na bima.

Wakili_wa_Kijiweni
Naomba leo tusimrukie, ameshasema. Mkuu, mpeleke mzee hospitali kwa gharama yako, mrudishie vitu vyake, kalipie bima ya gari lako, na kwa polisi nenda mwenyewe kabla hujaitwa. Kesho asubuhi akifika tu pale kwenye mti, anza na hilo.

Jirani_wa_Ilazo
Nimeandika uzi jana usiku, siku ya tisa ilikuwa jana. Leo hajaja. Nimefungua geti saa kumi na mbili, nikafungua tena saa mbili, saa nne nimevuka mpaka kwenye mwarobaini. Hayupo. Nimemuuliza kijana wa genge, anasema hajamwona.

Muuguzi_wa_Zamu
Anakaa wapi?

Jirani_wa_Ilazo
Sikumuuliza.

BintiChamwino
Jina?

Jirani_wa_Ilazo
Namwita mzee.

Fundi_Spoku
Baiskeli si unayo barazani? Nenda kaangalie madigadi ya nyuma, chini ya gunia. Sisi mafundi tunawaandikia wateja wetu kwa rangi, maana Phoenix zote zinafanana, na mnadani zinaegeshwa mia. Ondoa masizi ya mkaa kwanza.

Jirani_wa_Ilazo
Nimetoka na tochi na kitambaa. Yapo maandishi meupe, herufi za kuchora kwa mkono. BUIGIRI. Chini yake J. M., halafu neno kama CHIFUNDI au KWA FUNDI, limekatika.

Fundi_Spoku
Ni KWA FUNDI. Ukifika Buigiri ulizia fundi baiskeli, atakupeleka mpaka mlangoni.

BintiChamwino
Kirikuu si ile 15,000? Mpaka Buigiri atakuongezea. Na lile gunia ulijaze.

Jirani_wa_Ilazo
Nimeshampigia. Anasema saa kumi na mbili asubuhi. Nauliza tu, mkaa mnanunua wapi gunia zima saa hizi?