Kamati imekula mbuzi wa kuvunja kamati, mimi mpambaji nawadai milioni 2.2 mpaka leo

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Tangu Februari napiga simu kwa adabu, "kaka mwenyekiti, habari za kazi, nakumbushia lile jambo letu." Leo adabu imeniishia.

Mimi ni mpambaji wa harusi hapa Dar. Nimezaliwa Unguja, kutunga vikuba, yale mashada madogo ya asumini wanayovaa kina mama kifuani, nilifundishwa na bibi yangu kabla sijajua kusoma. Maua ya ukumbini nilijifunza miaka miwili kwenye duka la mtu, naosha ndoo na kunyofoa miiba ya waridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Kazi hii inasomesha wanangu. Nayasema haya mapema kwa sababu nimechoka kuulizwa "na kazi unafanya wapi?" na mtu aliyesimama mbele ya maua niliyoyapanga mwenyewe.

Harusi ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Februari. Kila mtu alikuwa anawahi kabla ya Ramadhani, na ndiyo siku ya wapendanao: waridi la Arusha na Naivasha linapanda ndege kwenda Ulaya, linalobaki huku bei inapaa. Kikao cha kamati cha Desemba nilisimama nikawaeleza yote hayo. Wakatikisa vichwa kukubali, tukaandikiana 4,200,000, wakanipa 2,000,000 ya kuanzia.

Bi harusi ni wa Unguja, bwana harusi Mchaga wa Machame. Binti aliniambia, "Dada, sitaki ukumbi wa kunakili mtandaoni. Nataka bibi yangu akifika mlangoni, kabla hajaona kitu, pua imwambie hii ni harusi ya mjukuu wake." Nikampenda palepale. Tukapanga meza za ukweni ziwe na majani ya isale, ambalo kwa Wachaga ni jani la amani, aliyekosa ndilo analolishika akienda kuomba msamaha. Meza za kwao asumini na mlangilangi. Waridi jeupe liunganishe pande mbili. Koja la asumini la shingoni kwa bi harusi, na kina mama 40, wa huku na wa kule, kila mmoja kikuba chake.

Asumini haichumwi ikiwa imechanua. Unachuma matumba yamefumba, jioni yanajifungua yenyewe, na harufu ndiyo inatoka hapo. Kesho yake yamegeuka rangi ya chai. Hakuna kununua Alhamisi ukaweka akiba. Haya yalichumwa Unguja alfajiri ya siku ileile, yakafungwa kwenye jani la mgomba, yakatiwa kwenye deli, yakaja na boti. Saa nane mchana tulikuwa watu watano chini kwenye mkeka, sindano na uzi, mrehani pembeni, hakuna wa kuinua kichwa. Na hapo tulikuwa hatujalala, usiku wa Ijumaa wote tulikuwa na waridi: mashina 600, kila moja likatwe upya kwa mshazari, majani ya chini yatolewe yasije yakaozesha maji.

Saa mbili usiku bibi wa bi harusi aliingia. Alisimama mlangoni, akashika kikuba chake kifuani, akalia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na mkasi mkononi, nikalia naye.

Sasa hesabu. Waridi ninalozoea kununua 1,000 wiki ile nilinunua 2,500, ndiyo 1,500,000 hiyo. Asumini, deli na boti 350,000. Wasichana wanne 50,000 kila mmoja. Kanta ya kubebea 120,000. Jumla 2,170,000. Yaani nimeshaingiza 170,000 yangu mfukoni mwao, na jasho langu halijahesabiwa bado!

Ukumbi ulilipwa wote kabla, bila hivyo usingefunguliwa. Mpishi alilipwa. MC alilipwa kabla hajashika kipaza sauti. Mpambaji ndiye wa "tutamalizana baada ya shughuli." Wiki iliyofuata nilimpigia mwenyekiti. Jibu lake nalinukuu lilivyo: "Dada, michango haikutimia, walioahidi hawakutoa. Halafu maua yenyewe yameshanyauka, sasa unadai nini?"

Maua yameshanyauka. Na pilau je? Lilikuwa bado lipo kwenye sahani mpishi alipobaki na hela yake?

Kilichonikata maini ni picha. Mmoja wa wasichana wangu alinionyesha: sherehe ya kuvunja kamati, mbuzi mzima mezani, watu wanacheka, mwenyekiti anakata nyama. Msichana huyohuyo ana mkono mzuri kuliko wangu, ameniambia anaacha anatafuta kazi ya dukani. Baba yake kamwuliza fundi gani halipwi. Nimjibu nini mzee wa watu? Ujerumani kazi ya kupanga maua inasomewa kwa mafunzo ya miaka 3, unafanya mtihani, unapewa cheti. Huku tunalima waridi linalopambia harusi zao, na anayelipanga anaonekana mtu wa kusaidiwa tu.

Nyongeza, kwa mnaouliza mkataba: upo, umesainiwa na mwenyekiti "kwa niaba ya kamati." Meseji zote ninazo, risiti za waridi na boti ninazo. Na kwa mnaosema nimfuate bi harusi, sitaki. Yule binti hakushika hata shilingi ya michango, na ndiye pekee aliyenipigia kunishukuru.

Ninachoomba ni mwenye uzoefu wa Mahakama ya Mwanzo. Kamati yenyewe ilishavunjwa, kila mtu yuko kwake. Je, nafungua shauri kwa jina la mwenyekiti aliyesaini, au namjumuisha na mweka hazina? Jumatatu nataka niwe mlangoni pale saa mbili asubuhi, kwa hiyo nisaidieni kabla ya Jumapili jioni.