London na watoto wawili: tupite Doha au Addis Ababa?

Mama wa Kiembesamaki
Assalamu alaykum. Mwezi ujao nasafiri kutoka Unguja kwenda London kwa mume wangu, peke yangu na watoto wawili, na wakala wa tiketi amenipa hadi Ijumaa nichague njia. Ya Doha ina vipande viwili vinavyokaribiana, kama saa 6 kisha kama saa 7. Ya Addis Ababa huanza na kifupi cha kama saa 3, halafu kirefu cha karibu saa 8. Bei zimepishana kidogo tu. Ninachotaka ni njia ambayo watoto hawatataabika.

Mjukuu wa Chwaka
Wa alaykumu salaam, dada. La msingi hujalieleza: watoto wana umri gani, na hicho kipande kirefu kinaangukia usiku au mchana? Mtoto wa miezi 8 na wa miaka 5 hawaliwazwi kwa kitu kimoja.

Baba wa Jang'ombe
Mimi nachagua Doha hata kabla ya kuujua umri. Katika uwanja ule yupo dubu mkubwa wa manjano aliyekaa chini ya taa, na ziko sanamu ambazo watoto wanaruhusiwa kuzipanda. Wanangu walikimbia pale mpaka wakachoka wenyewe, na kipande cha pili walilala karibu chote.

Mama wa Wete
Naomba niseme yaliyonikuta, maana hadi leo nikiyakumbuka moyo huniuma. Nilikwenda Muscat na binti yangu wa mwaka mmoja na nusu, nikaamini kwamba katuni za kwenye kishikwambi zingetosha, kwa hiyo wanasesere na vitabu vyake vyote nilivitia katika begi kubwa lililokwenda na mizigo. Tulipokuwa angani ndipo nilipogundua kuwa katuni zile zinataka intaneti, na hata moja sikuwa nimeihifadhi. Nikawa namnyamazisha kwa juisi za pakiti, moja baada ya nyingine, hadi akanitapikia baibui kuanzia kifuani mpaka magotini. Nguo zake za akiba nilichukua. Yangu sikuchukua hata kanga. Ndege ilipoanza kushuka akayashika masikio yake mawili na kulia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, nami nimekwishamaliza kila cha kumpa. Bibi mmoja wa kiti cha nyuma ndiye aliyenipitishia kanga yake na kipande cha mkate, na mtoto alipoanza kutafuna na kumeza, kilio kikapungua.

Muuguzi wa Mkoani
Pole sana, mama. Ndege inaposhuka, mgandamizo wa hewa ndani yake huongezeka, na mrija unaounganisha sikio la kati na koo, ambao kwa mtoto ni mwembamba, hufunguka anapomeza. Kwa hiyo mwamsheni mtoto kabla ya kuanza kushuka, anyonyeshwe au apewe kinywaji kidogo kidogo.

Baba wa Jang'ombe
Wapo wanaowapa watoto dawa ya mafua ili walale njia nzima. Muuguzi unasemaje?

Muuguzi wa Mkoani
Nalikataa kabisa, ndugu yangu. Dawa hizo huwageuka baadhi ya watoto, wakahangaika badala ya kulala, na kipimo kikizidi, huko angani daktari utampata wapi? Mtoto hapewi dawa asiyoihitaji kwa sababu tu sisi tunataka utulivu.

Mama wa Kiembesamaki
Nisameheni kwa kutoeleza. Mkubwa ana miaka 5. Mdogo anatimiza miaka 2 tukiwa hukohuko, na tutarudi baada ya miezi 3. Kipande kirefu cha Addis Ababa ni cha usiku.

Mjukuu wa Chwaka
Basi muulize wakala kuhusu tiketi ya kurudi, kwa kuwa mtoto akishatimiza miaka 2 hapakatwi tena, hulipiwa kiti chake. Susu ya kulaza mtoto inayotundikwa mbele ya safu ya kwanza ina kikomo cha uzito, na huyo mdogo huenda ameshakizidi. Kwa huo usiku, mimi ningepita Addis Ababa, ila chukua sweta mkononi, maana mji ule uko juu mno na usiku wake una baridi. Kishikwambi sikipendi. Binti yangu wa umri wa mkubwa wako nilimpa ukili aufumue na kuusuka upya, akashughulika nao kuliko katuni yoyote.

Mama wa Wete
Ukili ni mzuri kwa mkubwa, lakini mdogo atautia mdomoni. Yeye mfungie vitu vyake kimoja kimoja katika vipande vya kanga, na usimpe cha pili kabla hajakichoka cha kwanza.

Baba wa Jang'ombe
Na kumhamisha ndege nyingine mtoto aliyekwishalala, tena peke yake na begi mkononi? Bado nasema Doha.

Muuguzi wa Mkoani
Mama wa Kiembesamaki, huyo mdogo bado ananyonya, au umeshamwachisha?