Wanafunzi thelathini Pemba: Ngezi, Kidike na Misali, tupunguze wapi?

Maalim wa Jiografia, Unguja
Assalaamu alaykum. Skuli yetu inakusudia kuwapeleka Pemba wanafunzi thelathini wa kidato cha tatu kwa siku tatu, wakaone msitu wa Ngezi, popo wa Kidike na kisiwa cha Misali. Msitu wa Jozani, hapa Unguja, wameshafika, na nilivyowaona wakiwasogezea kima punju simu hadi usoni, nimeingiwa na hofu kwamba ziara hii itawasumbua viumbe na wenyeji kuliko itakavyowafunza wao. Je, idadi hiyo inafaa? Na tufanyeje ili fedha zetu ziwafikie wanavijiji, zisiishie kwa mwenye basi?

Mkaazi wa Konde
Waalaykumu ssalaam, Maalim. Njia za Ngezi ni nyembamba, na mtembezaji anayefuatwa na watu thelathini husikiwa na kumi wa mbele tu. Waliobaki nyuma huanza kupiga kelele na kuchuma majani. Wagawe makundi matatu, kila moja na mtembezaji wake anayelipwa kamili, na wanaosubiri zamu wakae ufukweni Vumawimbi. Waambiwe mapema kwamba miche ya mpapindi haing'olewi, kwa kuwa mti huo hauoti kwa asili popote ila kisiwani kwetu.

Kuhusu fedha, chakula ndicho kinachoingia kijijini moja kwa moja. Agizeni kwa akina mama wa Konde siku mbili kabla, mle kwenye masinia, msije na maboksi ya chakula kutoka mjini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, lakini chupa za maji bado zinatuelemea; bebeni madumu, na kila mwanafunzi awe na kikombe chake.

Jirani wa Kidike
Maalim, neno langu ni moja: asipigiwe makofi popo. Hulala mchana wakiwa wamening'inia mitini, na wapo wageni wanaomtaka mtembezaji awashtue waruke ili picha ipendeze. Mnyama huyo akirushwa kwenye jua kali hupoteza nguvu bure, na huenda ana mtoto aliyemng'ang'ania kifuani. Fikeni alasiri, mkae kimya, na magharibi ikikaribia wataondoka wenyewe kwenda kutafuta matunda. Hapo mtaona mbawa zao zilivyo kubwa bila ya kumkera yeyote.

Wanafunzi waelezwe pia kwamba popo huyu hapatikani popote duniani ila Pemba, na kwamba mwaka 1996 aliorodheshwa miongoni mwa wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka, kwa kuwa aliwindwa kwa nyama na miti yake ilikatwa. Vijiji vilipoamua kumlinda aliongezeka, hata 2008 akashushwa daraja la hatari. Kiingilio ni sehemu ya sababu ya kijiji kuendelea kuulinda msitu wake, kwa hivyo msiombe kupunguziwa kwa sababu ni skuli. Lipeni pale pale na mchukue risiti.

Baharia wa Wesha
Ninajinyima riziki kwa kusema haya, lakini Misali iacheni. Kisiwa ni kidogo, hakina maji ya kunywa ya kutegemea, na wavuvi hupiga dago huko, yaani hupiga kambi siku kadhaa. Kuwashushia vijana thelathini wenye simu ni kama kuingia nyumbani kwa mtu bila ya hodi. Upande wa magharibi, ambako uvuvi hauruhusiwi, ndiko kasa na ng'amba wanakotaga, na mchanga uliokanyagwa ovyo huharibu mashimo yao. Maji yakipwa, asiyejua kuogelea husimama juu ya matumbawe, na nahodha mwenye haraka hutupa nanga hapo hapo badala ya kufunga kwenye boya.

Mkiamua kwenda, basi wachache wanaojua kuogelea, maji yakiwa yamejaa, wote na majaketi ya kujiokolea. Wajikinge jua kwa nguo ndefu badala ya mafuta ya kupaka, ambayo baadhi yake yana kemikali zinazodhuru matumbawe. (Kwa watoto wetu hilo si gumu, hivyo ndivyo wanavyoogelea siku zote.)

Maalim wa Jiografia, Unguja
Nimewasikia, ahsanteni. Misali tumeiondoa, na siku yake tutaigawa baina ya Ngezi na Kidike ili tusikimbizane. Wiki hii nitamwandikia sheha wa Konde kuomba ruhusa.

Mkaazi wa Konde
Ngezi ni hifadhi ya serikali, Maalim, kwa hivyo barua iwaendee wanaousimamia msitu na sheha apewe nakala. Taja humo idadi ya makundi na saa za kila moja, maana watembezaji ni wachache na baadhi yao asubuhi huwa shambani.